Waya Uliogoma

Niseme mapema kabla hajanisemea mtu: mashine ya waya niliitukana. Niliitukana tangu siku ilipoteremshwa kwenye gari pale karakana kwetu Manzese, na nikaendelea miezi mitano mfululizo, asubuhi na jioni, wateja wakiwepo na wasiwepo. Niliiita cherehani. Niliiita mashine ya wavivu. Siku moja, watu wanne wakinisikia, nilisema siku itakapokufa nitanunua soda nigawe. Kwa hiyo Ijumaa ile ilipogoma, na macho yote yakanigeukia mimi, sikushangaa hata kidogo. Nilikasirika, lakini sikushangaa.

Naitwa Gregori. Nina miaka hamsini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeimalizia chini ya bati lile lile, kando ya Barabara ya Morogoro, nikichomelea mageti na magrili kwa vijiti. Aliyenipa kazi ni marehemu mzee Jabiri, mtu asiyekuwa na maneno mengi, ila kazi mbaya aliibeba mwenyewe akaitupa nje mteja akiona. Alipofariki, karakana ikaenda kwa mwanawe Mudathir, ambaye nilimfundisha mimi kushika kijiti akiwa hajaota hata ndevu. Mudathir ndiye aliyeleta mashine ya waya. Pamoja nayo akamleta Rukaiya, binti wa Mbagala, fundi mwenye cheti cha kazi hiyo hiyo, na mimi nikabaki na vijiti vyangu kwenye kona, nikinung'unika.

Kwa asiyeijua, tofauti ni hii. Kijiti unakishika, kinaungua, kinaisha, unatupa kipande unachukua kingine. Mashine ya waya haina kuisha. Ndani yake kuna koili kubwa ya waya mwembamba, rola mbili zinausukuma waya huo upite ndani ya hozi ndefu mpaka kwenye tochi unayoishika mkononi, na gesi inapuliza pale pale kuukinga moto. Unabonyeza kitufe, waya unatoka wenyewe, unaungua, unaunga. Bomba jembamba ambalo kijiti kingelitoboa, waya unalishona kama nguo. Mudathir alikuwa amepata kazi ya vitanda arobaini vya dabo deka, vya hosteli moja ya wanafunzi kule Mabibo, na mabomba yake yalikuwa membamba kweli kweli. Ijumaa ile vilibaki vitanda tisa, na wanafunzi wanaingia Jumatatu.

Matatizo yalianza Alhamisi. Waya ukawa unatoka kwa kusitasita. Unaruka, unasimama, unaruka tena, halafu moto unarudi nyuma na waya unagandia kwenye tipu, ile ncha ya shaba waya unakotokea. Rukaiya akabadilisha tipu tatu kabla ya chakula cha mchana. Pale waya ulipokubali kutoka, maungio yalikuwa na vitundu vitupu, kama mkate wa kumimina. Ijumaa asubuhi ukagoma kabisa: rola zinazunguka, waya hauendi, unajikunja pale pale ndani ya mashine mpaka ukawa kichaka.

Mudathir akampigia simu fundi wa duka walikoinunua. Akaja kijana mmoja, Nassibu, fulana imepigwa pasi, akanipa shikamoo bila kunitazama. Alifungua kifuniko cha pembeni, akapitisha kidole kwenye rola, akakinusa, akakifuta kwenye kitambaa. Dakika kumi zilimtosha.

"Bosi, hii imechezewa," akamwambia Mudathir. "Kuna uchafu humu ambao sio wa kiwandani. Mtu katia kitu. Na ikiwa imechezewa, garantii hamna. Mie narudi saa tisa na pikapu, naenda nayo, wiki mbili mtakuwa mmeipata."

"Wiki mbili? Nina vitanda vya Jumatatu."

"Mtafute aliyeichezea, bosi. Huyo ndo mwenye ishu."

Akaondoka. Kisha Mudathir akanishika bega, akanivuta mpaka langoni. Alikuwa ananitazama viatu.

"Baba Sesilia," akasema, maana ndivyo anavyoniita, kwa jina la binti yangu wa kwanza. "Mie nakuheshimu sana. Baba alikuheshimu. Ila naona... naona ukapumzike kwanza nyumbani."

"Nipumzike kwani nimechoka?"

"Maneno uliyokuwa unayasema kuhusu hii mashine, kila mtu kayasikia. Mie sikushutumu. Nakwambia tu kapumzike."

Niliona giza. Miaka ishirini na miwili, na mtoto niliyemfunga mwenyewe kitambaa kwenye kidole siku alipoungua mara ya kwanza, ananiambia kapumzike. Hata kuniambia waziwazi kwamba ananifukuza hawezi. Nilipaza sauti mpaka fundi wa pancha wa jirani akasimama na tairi mkononi.

"Sipumziki. Nipe muda naifungua mie, sasa hivi, Rukaiya akiwa shahidi, aangalie kila ninachokigusa. Na nakwambia mbele ya hawa wote: nikikuta mkono wa mtu humo ndani, mwenye mkono huo atatoka kwenye geti hili na hatorudi. Awe yeyote. Hata ukiwa wewe."

Watu wanaonijua wanajua maana ya mimi kusema neno. Nilihama nyumba nzuri Tandale kwa sababu nilimwambia mwenye nyumba akinijibu vile tena nahama, naye akanijibu vile tena. Sikuongea na kaka yangu miaka sita kwa neno moja nililolitamka msibani. Mke wangu anasema ulimi wangu ni wa kunyongwa nao, na pengine ni kweli, lakini nikishasema nimesema.

Mudathir akatazama saa. "Mie naenda kuswali Ijumaa," akasema. "Nikirudi nataka nikute jibu."

Akaenda kuvaa kanzu. Nikamgeukia Rukaiya. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mikono ina makovu ya cheche kama yangu, na hana tabia ya kuzungukazunguka.

"Ni wewe, mzee?" akaniuliza.

"Ningetaka kuiua ningeipiga nyundo mchana kweupe, wewe ukiwa umeishika."

Akanitazama kidogo, akaona nasema kweli. "Haya," akasema. "Tuanzie wapi?"

Tulianzia mbali, kwa sababu mtu mwenye haraka huanzia kwenye anachokichukia. Kwanza umeme. Pale kwetu kuna mashine ya kusaga nyumba ya tatu, ikiwashwa taa zinafifia, na kila hitilafu huwa tunaisingizia mashine ile ya kusaga. Nikawasha grinda. Ilinguruma sawasawa, haikulegea. Umeme ulikuwepo. Nikatazama klipu ya aithi, ile inayobana chuma ili umeme urudi kwenye mashine, nikakuta inauma rangi badala ya chuma, nikalikwangua bomba mpaka likang'aa, nikaibana upya. Tulipojaribu, ugonjwa ukawa ule ule. Nikafungua gesi nikaisogeza tochi karibu na shavu, ubaridi wake ukaja taratibu bila kukatika. Gesi ilikuwa nzima. Nikachokoa nozo, ule mdomo wa tochi unaopuliza gesi, nikatoa takataka za cheche zilizokuwa zimeganda ndani. Rukaiya akafunga tipu mpya, ya nne. Waya ukatoka inchi mbili, ukakwama.

"Kaza rola," akasema, akanyoosha mkono kwenye skrubu.

"Usiikaze. Umekuwa ukiikaza tangu jana, sivyo?"

"Waya ulikuwa unateleza."

"Ukiikaza sana rola inaukwangua waya. Unga wake unaingia ndani, unazidi kuziba. Unateleza kwa sababu kuna kinachouzuia mbele. Legeza."

Akalegeza. Nikazinyanyua rola zisiushike waya kabisa, nikainyoosha hozi chini sakafuni isiwe na kona hata moja, nikaushika waya kwa koleo upande wa tochi nikauvuta. Ukiwa mzima, waya unakuja kwa vidole viwili. Huu ulinilazimisha nikite miguu chini.

"Tatizo limo ndani ya hozi," nikasema. "Kwenye laina."

Laina ni mrija mwembamba wa chuma kilichosokotwa, umelala ndani ya hozi, na waya unapita humo kama uzi kwenye tundu la ushanga. Rukaiya hakuwa anaitazama hozi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mzee, hii mashine hujawahi kuigusa hata siku moja. Umejulia wapi habari za laina?"

"Nimesikia tu."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimekisoma chote kitabu cha maelekezo ya mashine ile. Kila siku wenzangu wakienda kula kwa mama ntilie, mimi nilibaki na kipande changu cha muhogo, nakitoa kile kitabu kwenye droo, nasoma ukurasa kwa ukurasa, nikiona mtu nakirudisha. Na Rukaiya akiwa kazini, nilikuwa nasikiliza. Mashine ile ikiwa sawa ina mlio mmoja mzuri sana, wa dagaa wanaotiwa kwenye mafuta ya moto, hauachi, haubadiliki. Nilikuwa nakaa kwenye kona na vijiti vyangu naachia ungio katikati ili nisikilize. Kisha naibuka na tusi, mtu asije akaniona nilivyo.

Tukafungua hozi upande wa mashine, tukakata waya, nikaanza kuivuta laina. Ilikataa. Ilitoka kwa inchi, na kila inchi ilikuja na uji mweusi, mzito, uliojaa unga wa chuma na vumbi la grinda. Nikachukua kidogo kwa kidole. Nikakinusa, kama alivyofanya yule Nassibu. Yeye hakukitambua. Mimi nilikitambua kabla hakijafika puani.

Mafuta ya nyonyo.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Alitoka Newala na patasi zake kwenye mfuko wa turubai, akaja kukaa Mwenge na Wamakonde wenzake, akichonga mpingo mpaka macho yalipomshinda. Kila Jumamosi jioni, kazi ikiisha, alizipanga patasi zote kwenye mkeka, akazipaka mafuta ya nyonyo moja moja kwa kitambaa, halafu ndipo akazilaza. Kwake chombo hakilazwi kikavu. Ukikilaza kikavu umekidharau, na hewa ya pwani hii itakula makali yake kabla ya Jumatatu. Mimi sikurithi kuchonga, lakini hilo nililirithi. Chupa ya mafuta ya nyonyo haijawahi kukosekana kwenye sanduku langu la vifaa. Jumamosi mchana wenzangu wakishaondoka, napaka koleo, napaka jiliwa, napaka nyundo mahali kichwa kinapoingia kwenye mpini.

Na masika yalipoanza, nikaona yale madoadoa ya kutu kwenye koili ya waya. Madogo, mekundu, kama vipele. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Rukaiya anaondoka wa kwanza Jumamosi, ana safari ndefu ya Mbagala. Nilifungua kifuniko, nikaupaka ule waya. Nikaizungusha koili yote taratibu, nikapaka, nikafunga. Nilifanya hivyo Jumamosi tano.

Nilikaa chini. Sikuita mtu, nilikaa tu juu ya fremu ya kitanda na ile laina mapajani, ikinichafua suruali. Hasira yote niliyokuwa nayo tangu asubuhi ilinigeukia mimi mwenyewe, na sikuwa na pa kuikimbilia. Waya wa mashine hii hautaki mafuta kabisa. Kitabu kilisema, ukurasa wa kumi na kitu, na mimi niliusoma ukurasa ule nikaona hawa waandishi hawayajui masika ya Dar es Salaam.

Rukaiya akachuchumaa, akagusa ule uji, akanusa.

"Haya mafuta ya nywele," akasema. "Shangazi yangu anapakaga."

Akanitazama mikono. Akalitazama sanduku langu la vifaa, ambalo chupa ilikuwa imesimama humo wazi kabisa, haijafichwa, maana sikuwa nimefanya jambo la kuficha.

"Mzee," akasema polepole, "humu kuna vumbi la grinda. Lipo kweli, hata akija nani ataliona. Sie tuseme vumbi. Hatudanganyi mtu. Yale maneno uliyoyasema langoni yanaisha hapa hapa."

"Tuioshe kwanza," nikasema.

Tukaloweka laina kwenye petroli, mbali na moto, tukaifuta, tukailoweka tena mpaka petroli ikaacha kubadilika rangi. Fundi wa pancha akatupa mpira wa kompresa yake, tukapuliza upepo mpaka ikatoka kavu, haiachi doa kwenye kitambaa. Tukaianika juani. Rola tukazisugua kwa brashi ya waya. Koili tukaanza kuifungua, mzunguko baada ya mzunguko, kila mara tunapitisha kitambaa safi, tunatupa waya wenye mafuta, mpaka tukafika mahali kitambaa kilipotoka kama kilivyoingia. Tulitupa waya mwingi. Uliniuma kila pima moja. Mwisho nikakata kipande cha blanketi kikavu, nikakikunja juu ya waya kabla haujafika kwenye rola, nikakibana kwa kibanio cha nguo, ili vumbi lifutwe kabla halijaingia.

"Hiyo nayo umesikia tu?" Rukaiya akauliza.

"Ukurasa wa mwisho," nikasema.

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Tukarudisha laina, tukapitisha waya. Ulikuja kwa vidole viwili. Akanipa tochi yeye mwenyewe, hakuniuliza kama naitaka. Nikashusha kofia usoni, nikaweka vipande viwili vya bomba pamoja, nikabonyeza.

Mlio ukaja. Ule ule, wa dagaa na mafuta ya moto, bila kusita. Nilishona ungio lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na machozi yalikuwa yananitoka ndani ya kofia, na sioni haya kusema hivyo. Nilipomaliza, Rukaiya akalibana bomba kwenye jiliwa, akalipiga nyundo mpaka likakunjika. Bomba lilikunjika. Ungio halikuachia.

Ndipo nikaona kanzu mlangoni. Mudathir alikuwa amesimama, na sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona," Rukaiya akajibu haraka. "Ilikuwa vumbi, bosi. Vumbi la grinda, laina imeziba yote."

Mudathir akashusha pumzi, uso ukamkunjuka. Nilikiona kinachokuja: angenipa mkono, angesema samahani mzee wangu, tungecheka, na mimi ningerudi kwenye kona yangu na vijiti vyangu nikaendelea kuitukana mashine ile mpaka nizeeke. Ilikuwa rahisi hivyo. Na nilijua nisingeweza kulala.

"Siyo vumbi," nikasema. "Ni mafuta. Vumbi limenasa kwenye mafuta. Na mafuta ni yangu, chupa ile pale."

Rukaiya akafumba macho. Mudathir akaitazama chupa, akanitazama mimi, uso ukarudi kujikunja.

"Kwa hiyo kweli ulitaka kuiharibu."

"Nilitaka isishike kutu."

"Wewe? Baba Sesilia, wewe ambaye kila siku unaitukana?"

Nimewahi kupandishwa kwenye gari la mgambo mbele ya mama mkwe wangu, sikuona aibu kama niliyoiona hapo. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Naipenda," nikasema. "Tangu wiki ya kwanza. Haijawahi kuja mashine nzuri kama hii chini ya bati hili, na mie nina miaka hamsini na minane, na anayeijua ni binti aliyekuja juzi, na mie ndiye niliyekufundisha wewe. Ningesema nini? Nikaitukana. Na Jumamosi nikawa naipaka mafuta kama baba yangu alivyokuwa anapaka patasi zake. Nilichokosea ni kutouliza. Rukaiya yupo hapa miezi mitano, ningemuuliza neno moja tu, kiburi kikanizuia. Kwa hilo, Rukaiya, nisamehe. Wewe, Mudathir, waya tulioutupa leo ni juu yangu. Lakini kwa kuitunza siombi msamaha kwa mtu."

Fundi wa pancha alikuwa amekuja kuchukua mpira wake, akasimama nao. Mudathir akajikuna ndevu.

"Ulisema mwenyewe," akasema. "Mbele ya watu. Mwenye mkono huo anatoka kwenye geti na harudi."

"Nilisema."

"Na wewe ukishasema umesema. Baba alikuwa anatuambia hivyo."

Nikalitazama lile geti. Nililichomelea mimi, mwaka ule nilipoajiriwa. Nikaiona nyumba ya Tandale na dari lake zuri. Nikamwona kaka yangu, miaka sita, na jinsi tulivyokuja kuongea yeye akiwa tayari kitandani, hawezi hata kukaa. Yote hayo niliyapoteza kwa kushika neno, na watu wakanisifu, na mimi nikazikubali sifa.

"Nilisema nikiwa na hasira," nikasema. "Sasa nalirudisha neno langu. Siondoki."

"Huondoki?"

"Siondoki. Ukitaka nitoke, nifukuze wewe, kwa mdomo wako, hapa hapa. Useme Gregori toka. Usiniambie kapumzike."

Mudathir alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, honi ikalia nje, na pikapu ya Nassibu ikaja kinyumenyume mpaka mlangoni, ikaziba mwanga wote.

Nassibu akashuka na ubao wa karatasi na kalamu. Alipoiona mashine imefungwa, safi, na lile ungio kwenye jiliwa, akasimama.

"Nani kaifungua?"

Akainama, akatazama rola, akakiona kile kibanio cha nguo, akakigusa kama mtu anayegusa kitu cha mchawi.

"Sawa, inafanya kazi. Lakini bosi, mie lazima nijaze fomu. Nilisharipoti imechezewa. Hapa kuna sehemu ya sababu, na jina la aliyehusika. Ikienda hii, ofisini watalijua hilo jina, mtu huyo haruhusiwi tena kugusa mashine zetu. Nipe jina."

Mudathir alinitazama. Alikuwa ananiachia mlango, au alikuwa ananipima, mpaka leo sijui, na sikungoja nijue.

"Andika Gregori," nikasema. "Ndiye aliyeipaka mafuta ya nyonyo. Umeandika? Haya, chini yake andika Gregori ndiye aliyeufuata ugonjwa mpaka akaukuta, yeye na Rukaiya, wakaitengeneza mchana mmoja, na wewe asubuhi ulinusa ukaondoka. Andika yote mawili."

"Mzee, hamna sehemu ya hilo kwenye fomu."

"Geuza nyuma."

Nassibu akamgeukia Mudathir, kalamu iko hewani, akitegemea bosi amwokoe na mzee huyu.

"Umemsikia," Mudathir akasema. Kanzu yake ilikuwa imeshagusa grisi ya mlango na hakuwa amegundua. "Geuza nyuma, uandike kama alivyokwambia. Halafu nitolee gari mlangoni, huyu mzee ni fundi wangu, anahitaji mwanga. Ana vitanda tisa."

Nassibu akaigeuza karatasi.